Nilichomtafsiria Baba

Lori la kutoka Kakuma lilichelewa saa nzima, na katika saa hiyo moja nilifunga na kufungua kitambaa changu cha kichwa mara tatu. Msinicheke. Mwanamke wa miaka ishirini na tisa, mwalimu, mtu wa kuwaambia wasichana mia moja na arobaini wanyamaze na wakanyamaza, nimesimama kwenye kivuli cha duka la Msomali mjini Lodwar, najitazama kwenye kioo cha dirisha lake huku mwenye duka akijifanya hanioni.

Kuany alikuwa anakuja kumwona baba yangu. Kibali chake cha kutoka kambi ya wakimbizi kilikuwa cha siku moja tu. Ilimbidi arudi na msafara wa saa tisa alasiri, maana barabara ile mwaka huo wa tisini na sita hakuna gari lililothubutu kuipita peke yake bila askari. Tulikuwa tumepanga saa tano za kumfanya baba aseme ndiyo. Lori likala moja, zikabaki nne.

Na ndiyo hiyo niliihitaji, jamani. Lopeyok wa Kalokol, mwenye malori ya samaki wakavu, alikuwa ameshatuma watu kwetu mara mbili. Alitaka niwe mke wake wa tatu. Baba zangu wadogo walikuwa wamekubali kabla hata ya kuketi. Baba peke yake alisema, "Nitamwona kwanza huyo mgeni wa binti yangu Akaale. Nikishamwona nitatoa neno langu." Na neno la baba likishatoka halirudi.

Nilijuana na Kuany kwenye semina ya walimu Kakuma, mwaka mmoja na nusu kabla ya siku hiyo. Nilikuwa nimeitwa kuzungumza juu ya washairi wa ulimbwende, wale Waingereza wa zamani waliopenda milima, mwezi na machozi, na waliokuwa wakibishana kama kitu kizuri ni lazima kiwe cha kweli. Mimi msimamo wangu nilikuwa nao. Nilisema mshairi ana ruhusa ya kutia chumvi. Nilisema uzuri ni mgeni, usimuulize kitambulisho mlangoni. Walimu wakapiga makofi. Huko nyuma kabisa mtu mmoja mrefu akainua mkono, magoti yake yamemgusa kidevu kwa ufupi wa benchi.

"Madam," alisema, "kwetu kijana akiimba ng'ombe yake, na ng'ombe mwenyewe amesimama pale, watu wanaangalia ng'ombe, wanasikiliza wimbo. Akisema pembe imepinda na haijapinda, wanamcheka mpaka anahama. Hao washairi yako, nani alikuwa anaangalia ng'ombe yao?"

Ukumbi mzima ulicheka. Usiku huo mimi sikulala vizuri. Mwezi uliofuata nikapata barua.

Barua zilipita kwa Nestor, dereva wa misheni, aliyezileta kila Ijumaa pamoja na maneno yake ya kejeli. "Madam, hii ni ya masomo au ya moyo?" Nikimwambia ni ya masomo, anasema, "Masomo ya siku hizi yanapakwa manukato?" Uwongo mtupu, barua za Kuany hazikuwa na manukato. Zilikuwa na mashairi, na mashairi yenyewe yalinikasirisha. Mimi nilikuwa nangoja kuambiwa macho yangu ni nyota. Yeye akaandika kuwa sauti yangu huwa kali nikichoka. Akaandika kuwa nikitembea naanza na mguu wa kulia, na wa kushoto unafikiri kwanza. Halafu siku moja akayaandika meno yangu.

Hapa lazima nieleze. Wasichana wa nyumbani hung'olewa meno mawili ya chini, ndio urembo wao. Mimi nililelewa na masista wa misheni, meno yangu yakabaki yote, na bibi zangu hawakuacha kunicheka hadi walipokufa. Kwa Kuany nako wanang'oa, tena mengi zaidi. Basi yeye akaandika: kwetu wangesema mdomo wako umejaa mno, na mimi nimeutazama, na ni kweli umejaa, na nikiwa peke yangu ndio ninaoukumbuka.

Wiki mbili sikumjibu. Nilichukua kalamu nyekundu nikaandika pembeni mwa karatasi, "Huu si ushairi." Wiki ya tatu nikaisoma tena, nikiwa nimekaa peke yangu kitandani, redio imeishiwa na betri, na nikalia. Hakuna mtu aliyewahi kunitazama muda mrefu hivyo. Ukikaa Lodwar peke yako miaka sita, nyumba ya walimu, chumba na sebule, unaanza kuamini kwamba huonekani.

Lori likafika. Kuany akateremka kwa nyuma, vumbi hadi kwenye nyusi, shati jeupe chini ya koti alilolivaa ili shati lisichafuke. Mkononi alikuwa na tumbaku ya baba, na sukari na majani ya chai ya mama.

"Ejok, Mwalimu," alinisalimu.

"Ejok. Umechelewa."

"Lori ilichelewa. Mimi nilikuwa ndani yake nikisukuma na moyo."

Hilo lilikuwa tamko lake zuri kuliko yote ya mwezi ule, nami nilikuwa na haraka hata sikulifurahia. Tulishuka kuelekea mto Turkwel, ambao ulikuwa mchanga mtupu, tuvuke kwenda nyumbani kwa wazee ng'ambo ya pili. Alitembea pembeni yangu bila kunigusa, kwa sababu watu walikuwa wanatutazama, na mimi niliuhisi mkono wake kila hatua.

"Kaka yako atakuwa pale?" aliuliza.

"Lotiir amekataa kuja."

"Alisema nini?"

Lotiir alikuwa amesema hawezi kukaa kwenye kigoda kimoja na mtu wa kadi ya mgao wa chakula. Alisema mkono mtupu haulambwi. "Alisema ana kazi," nikajibu.

Kuany alinitazama kidogo, akaliacha hilo lipite.

"Sikiliza," nikamwambia. "Baba akikuuliza habari ya ng'ombe, jibu kwa kifupi. Mengine niachie mimi."

"Mengine gani?"

"Maneno. Baba hajui Kiswahili, na wewe Kiturkana chako ni cha kununulia kuni. Mimi ndiye nitakayetafsiri, na najua baba huambiwaje jambo."

Alisimama katikati ya mchanga. "Mwalimu. Utasema vile nimesema?"

"Nitasema. Kwani mimi nani?"

"Hapana ongeza."

"Siongezi."

"Hapana punguza."

"Ala! Kuany, tutakauka hapa. Sipunguzi."

Baba alikuwa ndani ya kibanda cha majani ya mikoma, amekalia kigoda chake kidogo, analalamikia goti. Baba yangu Lokuruka hakuwa mtu wa kupendeza wageni. Alimpokea Kuany kwa kumwangalia miguu, kisha kifua, kisha makovu ya paji la uso, taratibu, hivyo hivyo anavyokagua mnyama sokoni. Akapokea tumbaku akainusa. Akaniambia, "Mwulize kwa nini ni mrefu hivi."

"Baba!"

"Mwulize."

Nikauliza. Kuany akasema, "Mwambie nilinyonya sana." Nikatafsiri, na mama, aliyekuwa mlangoni na sufuria ya chai, akacheka hadi chai ikamwagika. Baba hakucheka, ila alilisogeza goti lake kumpa mgeni nafasi ya kukaa. Kwa baba hiyo ni karamu.

Tulikunywa chai. Baba aliuliza ukoo, nikatafsiri. Aliuliza kazi, nikatafsiri. Alisema mwalimu ni mtu anayelipwa kwa kuongea, na nyumbani kwake tayari yuko mmoja, nalo hilo nikalitafsiri, neno kwa neno, ingawa liliniuma. Kisha akauliza, "Ana jina la maksai?"

Hili halihitaji kuelezwa kwa Mturkana wala kwa watu wa Kuany, lakini kwa wengine nitasema. Kwetu mwanamume ana maksai mmoja wa moyo wake. Humkunja pembe, humtungia wimbo, na watu humwita mtu huyo kwa jina la mnyama wake. Baba yangu mpaka leo wazee wenzake humwita Apaloreng, kwa maksai mwekundu aliyekufa katika ukame wa mwaka wa themanini. Nami katika kufundisha kwangu kote juu ya mashairi ya Waingereza sikuwahi kufikiri kwamba baba yangu naye alikuwa mshairi.

"Majok," Kuany alijibu kabla sijatafsiri, maana swali hilo alilielewa. "Mweusi na mweupe."

"Amwimbe," baba akasema.

Kuany alisimama. Alikunja mikono ya shati hadi juu ya viwiko, akainua mikono yote miwili angani, mmoja umenyooka, mwingine umepinda mbele ya uso wake, na papo hapo nikamwona baba akiketi vizuri. Ile ilikuwa pembe. Baba hakuhitaji mtu wa kumwambia ni ipi.

Aliimba kwa lugha yake. Sikuelewa hata neno, wala baba, wala mama. Sauti yake ilikuwa ya chini, haikupanda popote nilipotazamia ipande. Ilikwenda mbele, ikasimama, ikarudi ilikotoka. Mikono yake ilianza kutetemeka kwa uchovu na hakuishusha. Nilimtazama mwanamume niliyempenda, jasho likimshuka kwapani, kwenye kile kibanda kidogo kisichomtosha, na nikasema moyoni, sitaki mwingine. Sitaki mwingine hata wakinifunga kamba. Nilihisi upweke wangu wote wa miaka sita umesimama mlangoni ukingoja neno moja la baba ili uondoke.

Baba alikuwa ameishikilia tumbaku kiganjani, hajaipeleka puani. Macho yake yalikuwa mekundu. Wimbo ulipokwisha akauliza kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Nani alimkunja pembe ya kushoto?"

"Baba yangu," Kuany akajibu, nami nikatafsiri.

"Alimkunja kwa jiwe au kwa moto?"

"Kwa jiwe na kamba. Mwaka mzima."

"Kazi nzuri," baba akasema. "Mwambie ni kazi nzuri." Nikamwambia. Kisha baba akauliza, polepole, "Na sasa yuko wapi, huyo Majok?"

Kuany alikaa chini. Akanigeukia mimi. Habari hiyo nilikuwa naijua, alikuwa ameniandikia mara moja tu, mistari minne, na hakuirudia tena.

"Alikufa," alisema. "Siku ile walikuja nyumbani, walichukua ng'ombe yote. Majok alikataa kutembea, wakampiga risasi pale kwa kamba yake. Baba yangu alikuwa ameshika kamba. Yeye pia. Hakuna ng'ombe nyingine. Hakuna mjomba, hakuna mtu ameweka kitu. Mwambie hivyo."

Nikamgeukia baba. Uso wake ulikuwa laini kuliko nilivyowahi kuuona, na mimi ndiye niliyekuwa na neno la kuuharibu. Niliwaza Lopeyok. Niliwaza chumba na sebule. Niliwaza baba zangu wadogo wakisema, tulikwambia, hana hata kuku. Nikajiambia ni chumvi kidogo tu, na nani amekula chakula bila chumvi?

"Anasema yuko kwa mjomba wake, ng'ambo ya mpaka," nikasema kwa Kiturkana. "Ananenepa. Analala kivulini mchana kutwa, na ng'ombe wengine wako naye. Huko kukitulia, wataletwa wote, na Majok ndiye atakayewatangulia."

Ninavyowaambia, sijawahi kuongea Kiturkana kizuri hivyo maishani. Hata mama alisogea karibu asikie.

Baba alinitazama mimi, kisha akamtazama Kuany, akabaki anamtazama.

"Umesema nini?" Kuany akaniuliza.

"Nimesema ulivyosema."

"Nimesikia kivuli. Nimesikia mjomba."

Wale wanawake waliomwuzia kuni kila asubuhi walikuwa wamemfundisha mengi kuliko nilivyodhani. Nilishika kikombe nikakikuta hakina chai. "Kuany," nikasema, "acha. Tutaongea nje."

Hakuacha. Alimgeukia baba yangu, akainua vidole vyake vikubwa akavitumia kusaidia Kiturkana chake cha sokoni. "Mzee," alisema. "Majok, kufa. Ng'ombe, kufa. Baba, kufa. Mjomba, hapana." Akaonyesha viganja vyote viwili, vitupu. "Mimi tu."

Nilitamani ardhi ipasuke. Nzi walikuwa wakizunguka kikombe.

"Akaale," baba akasema bila kunigeukia, "nenda ukamsaidie mama yako kupika chai."

"Baba, chai tumeshakunywa."

"Nenda."

Nikatoka. Mama alikuwa ametangulia kwenye mafiga, ananichungulia kwa jicho la pembeni.

"Wewe mtoto," alisema, "nani alikufundisha mambo hayo?"

"Mama, nilitaka baba akubali."

"Hmm," akasema mama, akavunja kijiti cha kuni.

Ndani ya kibanda niliisikia sauti ya baba. Sikuamini masikio yangu. Alikuwa anamwimba Loreng, yule maksai wake mwekundu. Wimbo huo niliusikia mara ya mwisho nikiwa mtoto wa nguo moja, kabla ya ukame, na nilidhani ameusahau. Kisha Kuany akaimba tena, kisha baba, wakawa wanapokezana, huyu kwa lugha yake na huyu kwa yake, na hakuna aliyeniita. Nilikaa juu ya jiwe na sufuria mapajani. Mtafsiri wa watu, na hakuna aliyehitaji kutafsiriwa. Nikaona hapo ndipo baba alipokuwa anamuaga mgeni kwa heshima, kabla ya kuniita na kuniambia hapana.

Lakini hakuniita. Saa nane ilipofika, Kuany akatoka mwenyewe, shati limemganda mgongoni, akamuaga mama kwa mikono miwili. Nikamfuata mtoni. Nilimfikia katikati ya mchanga.

"Nilikuwa nakusaidia," nikasema.

"Ulisaidia mtu mwenye ng'ombe. Mimi sina."

"Kuany, ilikuwa chumvi tu! Baba angekukubali leo. Ng'ombe tungewatafuta baadaye, mimi na wewe, kidogo kidogo. Nani angeumia?"

"Baba yangu je?" aliuliza. "Nilikuambia alikuwa ameshika kamba. Ulimtafsiri?"

Nikainama. "Sikumtaja."

"Basi."

"Usiseme basi. Nikaripie, nitukane. Usiniambie basi."

Alitembea hatua chache, akarudi. Alipokasirika Kiswahili chake kilikuwa kikinyooka zaidi, sijui kwa nini.

"Kule kambini kila mtu ananiambia, Kuany, habari yako ni fupi. Ukienda kuhojiwa, ongeza hiki, toa kile, upate kupelekwa nchi nzuri. Rafiki zangu wameongeza, wameondoka, mimi niko. Miaka minne nakataa. Kwa sababu kitu kimoja nimebaki nacho ni vile mambo ilikuwa. Nikikuandikia wewe, nilikuwa napumzika. Nilisema, kuna mtu mmoja, huyu hataki niongeze."

"Mimi ndiye huyo mtu!"

"Wewe umeongeza mbele ya macho yangu, Mwalimu. Na ulifanya vizuri sana. Niliangalia uso wako. Ulikuwa unafurahi."

Ningekana, lakini ilikuwa kweli. Nilifurahi. Kwa dakika moja nilimpata mume kamili, mwenye ng'ombe na mjomba, asiye na mzigo wa maiti hata mmoja, na nikampenda.

"Unanipenda?" nikamwuliza. Sikuona haya. Kulikuwa na wanawake wanachimba maji mchangani, wakatusikia wote.

"Nakupenda. Ningekuwa sikupendi, ningechukua ndiyo ya baba yako niende nayo."

"Basi nisamehe."

"Nimesamehe tayari. Si hiyo." Alinishika mkono, kwa mara ya kwanza mbele ya watu, akaushika vibaya, vidole vitatu tu. "Mimi nikikuangalia nataka wewe. Wewe ukiniangalia unataka mimi na kitu kingine. Hiyo kitu nyingine sitapata. Nitaishi na wewe, na kila siku utakuwa unaona haipo."

"Nitakuandikia. Nestor atakuletea Ijumaa."

"Usiandike. Nitasoma kila neno nikiuliza, na hili, ameongeza?"

Msafara ulikuwa umeshapiga honi. Malori sita, askari mbele, askari nyuma. Alipanda la nne, akavaa koti lake juu ya shati jeupe. Hakupunga mkono, na mimi wangu ulikuwa mzito, sikuuinua. Yakaondoka. Nilibaki barabarani na yule Msomali mwenye duka, ambaye mara hii hakujifanya hanioni. Aliniletea kiti. Sikukikalia, nikikaa nisingeinuka.

Nilirudi kwa wazee kwa sababu nyumba yangu sikuweza kuikabili. Jua lilikuwa limelegea. Baba alikuwa ametoa kigoda chake nje, goti amelinyoosha.

"Ameenda?"

"Ameenda."

"Atakuja lini tena?"

"Haji, baba." Hasira ikanipanda, ndiyo tabia yangu, nikikosa la kufanya nakasirika. "Haji! Basi furahi. Waambie baba zangu wadogo wamwite Lopeyok, alete ngamia wake, nifungwe niende Kalokol nikaanike samaki."

"Lopeyok gani?" baba akang'aka. "Yule anayenuka? Nani amesema nitampa mtu wa samaki binti yangu?"

Kule kwenye mafiga mama aliacha kuvunja kuni.

"Mbona haji?" baba akauliza.

"Kwa sababu nilikudanganya. Nilikuambia maksai wake yu hai, na ng'ombe wapo. Alikufa, baba. Wote walikufa."

"Najua alikufa. Nilijua kabla sijauliza."

"Ulijuaje? Hukuelewa hata neno moja la wimbo."

"Neno la nini?" Baba alinitazama kwa mshangao wa kweli, mtu aliyeulizwa jua linatokea wapi. "Mtu ambaye maksai wake yu hai, akimwimba, macho humtafuta. Atageuka hivi, atageuka hivi, hata akiwa ndani ya nyumba. Yule macho yake hayakutafuta kitu. Hata mimi huimba hivyo."

"Sasa kwa nini ulimwuliza yuko wapi?"

"Ili amlilie. Unafikiri huko kambini wamemwuliza nani?"

Nikakaa chini mchangani miguuni pake. Nililiogopa swali linalofuata, na nikaliuliza.

"Na mahari, baba? Hana kitu."

"Ng'ombe huzaliwa," akasema. "Ningengoja. Nilikuwa nimeshaamua, yuko katikati ya wimbo bado, mikono inatetemeka na haishushi. Nikasema huyu hatamwacha mwanangu njiani." Alisugua goti lake. "Nilingoja aseme habari yake aimalize, nimjibu. Nawe ukafungua mdomo."

"Baba!" Nilimshika mguu, nikalia kwa sauti, sikujali jirani wala nani. "Ulikuwa umeshakubali? Ulikaa naye kule ndani saa nzima. Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuniuliza," baba akasema. "Ulikuja umeshanijibia."